Jiwe Moja, Nyumba Mbili

Mgeni alikuja na viatu visafi.

Nyamizi aliviona viatu kabla ya kumwona mwenyewe, maana alikuwa amepiga magoti kizingitini akikwangua tope lililoletwa na mvua ya asubuhi. Katika mlima wa Igombero hakuna mtu aliyewahi kufika na viatu visafi msimu wa masika. Ngazi nyingine zilichongwa kwenye mwamba, nyingine zilikuwa magunia ya mchanga tu, na katikati yake palikuwa na tope la kumeza kandambili. Akainua macho. Nyuma ya mgeni, mashine ya miguu minne, kimo chake kama ndama, ilikuwa ikikunja magoti taratibu. Ikatulia kando ya pipa la maji kama mnyama aliyezoea kumngojea bwana wake.

"Hodi hapa," mgeni alisema.

"Umeshafika, hodi ya nini tena? Karibu. Ila kama umekuja kuhubiri, baba kalala, na mimi nimeshaokoka mara mbili."

Mgeni akacheka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. "Sihubiri, dada. Naitwa Evarist Mgeta. Natoka Tulizo."

Mkono wa Nyamizi ukasimama. Jina la Tulizo kila mtu alilijua. Lilikuwa limebandikwa kwenye mageti ya nyumba za ufukweni, zile zenye bustani na mbwa. Huku mlimani hakuna aliyekuwa na bima ya Tulizo. Huku watu walikuwa na Mfuko tu, bima ya serikali ya makazi, ambayo ilimwandikisha kila mwenye paa, apende asipende, na kila mmoja akachangia kwa kadiri ya paa lake.

"Sisi ni watu wa Mfuko," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimepanda."

Akamkaribisha ndani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wake wa nyuma haukujengwa na mtu. Ulikuwa ni jiwe lenyewe, Nundu, lililoinuka juu ya paa na kuendelea kupanda mpaka mtu akilitazama akiwa chini aumwe shingo. Zamani sana baba yake, Lugembe, na rafiki yake Kisandu walikuwa wamewasha moto kwenye tako la jiwe hilo, wakalichoma kutwa, kisha wakalimwagia maji ya baridi mpaka likapasuka kwa kishindo na kuacha pande mbili zilizonyooka. Vipande vilivyobanduka wakavijengea kuta za mbele. Upande mmoja nyumba ya Lugembe, upande wa pili, chini kidogo kulia, nyumba ya Kisandu. Igombero nzima ilijengwa hivyo, nyumba mbili kwa jiwe moja, na walioegemea jiwe moja walikuwa na undugu wao. Hata msumari haukupigwa kwenye jiwe kabla ya kumwambia wa upande wa pili.

Kisandu alikwisha kufa. Upande ule sasa alikaa mkwewe, Milembe, mjane, na watoto wake wawili.

"Nani huyo?" sauti ikatoka kitandani. Mzee Lugembe hakuwa amelala. Alilala chali kando ya jiwe, mahali penye ubaridi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani jinsi kiharusi kilivyouacha.

"Mtu wa bima, baba."

"Mwambie tumeshakufa, arudi na rambirambi."

Evarist alimsalimu kwa adabu, akatoka, akafungua tumbo la mashine yake na kurudi na sinia la bati. Ndani ya sinia palikuwa na mchanga mbichi uliorundikwa kama mlima mdogo, kokoto moja juu yake, na chini ya kokoto kiberiti kilichosimama badala ya nyumba. Akatoa chupa, na kutoka kwenye chupa akavuta kitu cheupe chembamba, kama uzi mmoja wa tambi iliyochemshwa. Akakilaza chini ya kokoto. Kikajikunja chenyewe.

"Mimina maji," alimwambia Nyamizi. "Juu, pole pole."

Nyamizi akamimina. Mchanga ukalegea, kokoto ikaanza kuteleza kuelekea kwenye kiberiti. Ndipo ule uzi ukajikaza. Kokoto ikageuka ubavu, ikapita pembeni, ikaishia ukingoni mwa sinia. Kiberiti kikabaki kimesimama, hakikulowa hata.

"Bima za zamani zilingoja nyumba ianguke ndipo zilipe," Evarist alisema. "Sisi hatulipi. Sisi tunaelekeza. Mzizi huu si mmea kamili wala si mashine kamili. Unapandwa kwenye ufa, unakula chumvi za jiwe, unakua mpaka unalikumbatia. Jiwe likitaka kuamka, mzizi unajua kabla halijatembea. Hauwezi kulizuia, jiwe kama hili halizuiliki. Lakini unaweza kulivuta bega."

"Likigeuka linakwenda wapi?"

"Penye nafasi."

"Kwenye sinia pembeni ni mchanga mtupu. Huku mlimani hiyo nafasi iko wapi?"

Evarist alitazama dirishani, mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake. Nyamizi akafuata macho yake. Dirishani, chini kidogo kulia, paa la bati la Milembe lilikuwa linang'aa kwa maji, na juu yake palikuwa na sketi ya shule iliyoanikwa kwenye kamba na kusahauliwa mvuani.

"Na bei yake?" Mzee Lugembe aliuliza kutoka kitandani.

"Kwenu ni bure, mzee."

"Bure! Nyamizi, mshike mkono asitoroke."

Nyamizi hakucheka. "Mbona bure?"

Mgeni alisugua uso kwa viganja. Alipojibu, alijibu kama mtu aliyechoka kutafuta maneno matamu. "Jiwe hili limeanza kusogea. Likiteremka lenyewe litapita hapa mlipo, na likitoka hapa litaingia hotelini, ile mpya kule chini. Hoteli ni mteja wetu. Na mzizi wa kuligeuza hauwezi kupandwa ila kutokea ndani ya nyumba hii, kwa ridhaa yenu. Ndivyo sheria inavyosema."

"Kwa hiyo mnaiokoa hoteli. Sisi tumekaa njiani tu."

"Mmekaa mahali pazuri," alisema, na mara akaonekana kujutia alivyosema.

"Si mtuhamishe, basi? Mtuhamishe wote, sisi na wa pale."

"Kuhamisha ni kazi ya Mfuko, dada. Sisi kazi yetu ni hii."

Akaeleza yaliyobaki akiwa amesimama. Wangetoka kwenye Mfuko na kuingia Tulizo. Haikuwezekana kuwa kote kuwili. Angeacha mzizi wa majaribio, nao ungeshika jiwe mpaka Ijumaa. Siku hiyo angerudi, na Nyamizi angeweka kiganja pale mzizi ulipoingilia na kutaja jina lake. Baada ya hapo mzizi ungekuwa wao daima. Kulikuwa na sharti moja. Jirani anayo haki ya kupinga kwa Mfuko kabla ya kiganja kuwekwa. Baada ya hapo hana. Kwa hiyo jirani asiambiwe.

"Mzizi ukiwa ndani ya jiwe unasikia kila pembe ya jiwe," alisema. "Jirani akiambiwa, unajiachia wenyewe. Sitakuja kukulaumu. Nitajua tu kwamba imekwisha."

"Na nikitaka naye apandiwe wake?"

"Jiwe moja, mteja mmoja." Akainama kwenye ufa ulio juu kidogo ya kitanda cha mzee, akausukuma ule uzi kwa kidole gumba. Ukaingia kwa hamu, kama kitu kilichokuwa na njaa.

*

Jumatano Nyamizi akamwachia baba yake uji kwenye chupa ya chai, akateremka mjini, ofisi za Mfuko.

Ukutani, juu ya madirisha ya kuhudumia, bango la siku za mwanzo lilikuwa bado limetundikwa: MLIMA MMOJA, SUFURIA MOJA. Rangi ya sufuria ilikuwa imefifia mpaka ikafanana na kofia. Nyamizi alikumbuka siku Mfuko ulipozinduliwa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, aliimba kwenye kwaya, na aliyaamini maneno yale kwa moyo wote. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa bado anayaamini. Wenye paa kubwa wachangie zaidi, wenye paa dogo kidogo, na mlima ukiangusha jiwe asiachwe mtu. Alishindwa kuona kosa katika hesabu ile. Kosa lilikuwa mahali pengine, labda kwenye mikono ya watu, labda kwenye mvua ambazo kila mwaka zilizidi zile ambazo wenye hesabu walizifikiria.

Afisa aliyemhudumia aliitwa Leokadia, mwanamke mnene mpole mwenye mafua.

"Naomba baba yangu apate chumba kabla, si baada," Nyamizi alisema. "Hawezi kutembea. King'ora kikilia, sina wa kunisaidia kumbeba."

"Mfuko hulipa baada ya tukio, mdogo wangu."

"Tukio lenyewe ni jiwe."

"Najua." Leokadia alipenga kamasi. "Nilikuja kwenye bwalo lenu ile masika. Nakukumbuka. Pole na mama."

Nyamizi hakutegemea hilo. Masika ile king'ora kililia, mlima mzima ukateremka na kuwekwa kwenye bwalo la shule, wazima na wagonjwa wamechanganyika, maji yakipita chini ya mikeka. Waliambiwa ni kwa muda. Mama yake alianza kukohoa, kikohozi kikawa homa, na homa ikamchukua wakiwa bado wanaambiwa ni kwa muda. Jiwe lililoogopwa halikuanguka. Walirudi nyumbani watu wawili, na wa pili, baba yake, alikuwa amebebwa mgongoni, naye mwili wake umejaa vidonda vya kulalia sakafu.

Leokadia alimpeleka dirishani. Kwa mbali, kwenye tambarare, majengo ya Mfuko yalionekana, marefu, ya kijivu, hayana paa. Ndege walikuwa wanaingia na kutoka kwenye ghorofa za juu.

"Yale ndiyo tuliyoahidi. Walioangukiwa mwaka juzi bado wapo bwaloni, na hao ndio wa kwanza kwenye foleni. Siwezi kukudanganya."

"Ahsante kwa kutonidanganya."

"Tulizo wamekufikia, siyo?"

Nyamizi akarudisha macho kwenye yale majengo.

"Usiniambie. Ukiniambia itanibidi nichukue hatua." Leokadia aliikunja leso yake, akaikunja tena. "Nakuambia mimi. Kila anayetoka, sufuria inapungua. Mimi hapa naiona ikipungua. Lakini sitakunyooshea kidole. Na mimi nina mama, na mama yangu anakaa bondeni."

*

Milembe alipanda Alhamisi alasiri, bakuli la maharage limefunikwa kwa sahani, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyetoka kupigana.

"Wifi! Umehama bila kuaga? Tangu juzi sikuoni."

Alimwita wifi tangu zamani, kwa sababu kaka yake Milembe aliwahi kumposa Nyamizi na kukataliwa. Milembe alisema posa imekataliwa lakini uwifi haujakataliwa, na yeye hawezi kuurudisha.

"Nipo, nina baba."

"Una baba tangu uzaliwe, mbona ulikuwa unatoka?" Akachungulia ndani, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba! Maharage haya, na leo sijayaunguza."

"Mwadila, mwanangu," mzee alijibu, akageuza uso upande wa jiwe.

Wakakaa kwenye benchi la nje, wametazama chini. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote. Hoteli peke yake ilionekana, mabwawa yake ya kuogelea ya bluu kama vidonge. Milembe alipangusa miguu yake kwenye jani la mgomba. Alimaliza mguu mmoja, akaurudia uleule, macho yake kwenye njia.

"Kuna nyayo kwenye ngazi," alisema hatimaye. "Za mnyama asiye na kwato."

Nyamizi alijizuia kuzitazama.

"Kule mlima wa pili nyumba moja imesimama na ya pembeni yake imekwenda," Milembe aliendelea. "Umesikia? Bibi na mjukuu. Walipofukua wakakuta nyuzi nyeupe kwenye jiwe. Watu wanasema mengi, habari za mtu kuweka mkono kwenye jiwe. Mimi sikuulizi, Nyamizi." Alimtaja jina, na hilo halikuwa kawaida yake. "Una mgonjwa. Bwalo lile nililiona, mama yako nilimwosha mimi. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini. Labda ningefanya haraka zaidi."

"Milembe..."

"Ngoja nimalize. Siwezi kukuzuia. Lakini tuna jiwe moja. Msumari tu tunaambiana. Mwaka ule nilipotaka kutundika saa, nilipanda hapa na tumbo la Limi, miezi minane, kuja kukwambia natundika saa. Kwa hiyo ikifika siku ya kuweka mkono, uniambie wewe, kwa mdomo wako. Nisije nikaambiwa na jiwe."

"Nitakuambia," Nyamizi alisema.

Neno lilitoka kabla hajaliangalia.

"Kabla, si baada."

"Kabla."

Milembe akainuka, akajipiga kanga makalioni kukung'uta maji. "Bakuli nalitaka. Lile la safari iliyopita ulilifanya mahari."

*

Ijumaa palikuwa na giza mchana. Mawingu yalishuka mpaka yakagusa vichwa vya miamba, na kutoka ndani ya Nundu ilisikika sauti ambayo Nyamizi hakuwahi kuisikia, kama meno yanayosagwa na mtu aliye usingizini.

Mzizi ulikuwa umekua. Kutoka kwenye ufa ulikuwa umetambaa pande zote za jiwe, mweupe, mwembamba, na juu ya kitanda ulikuwa umejisuka duara dogo, upana wa kiganja. Duara lilikuwa na joto. Ukilisogelea, lilijongea kidogo kuja kwako.

"Lini anakuja?" baba yake aliuliza.

"Jioni."

"Weka mkono sasa. Kwani lazima yeye awepo?"

"Si lazima."

"Basi weka."

Nyamizi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Limi na Ngosha wanalala upande ule, baba."

"Nawajua majina. Niliwapa mimi."

"Basi?"

"Basi weka mkono." Sauti yake ilipanda na kukatika; mdomo wake wa upande mmoja haukumsaidia tena, na alipokasirika maneno yalimwagika. "Unataka niseme nini? Kwamba nirudi kwenye lile bwalo? Nilale kwenye maji, watu wananiruka kama gogo? Mama yako alinishika kidole hiki, hiki kimoja kinachosikia cha mkono mbovu, mpaka mkono wake ukawa baridi, na mimi nikashindwa hata kumgeukia. Sirudi. Afadhali jiwe."

"Na wao?"

Mzee alifumba macho. Machozi yalimtoka upande mmoja tu, yakaingia sikioni, na Nyamizi akayapangusa kwa ncha ya kanga.

"Mimi si mtu mwema, Nyamizi," alisema, pole pole sasa. "Nilikuwa mtu mwema nilipokuwa na miguu."

Nje mashine ya kusukuma maji ya hoteli ilikuwa inanguruma chini huko. Nyamizi aliinua mkono wake, akauweka karibu na lile duara bila kuligusa. Joto lilimfikia. Alimfikiria baba yake akizeeka kwenye kitanda hiki, mkavu, akitukana wageni, akila maharage. Halikuwa jambo kubwa alilokuwa anataka. Kila mtu aliyeweka kiganja chake mahali fulani milimani alikuwa hataki jambo kubwa. Alitaka mtu wake mmoja asife. Na kila kiganja kingelisukuma jiwe kwa yule ambaye hakuambiwa, mpaka wabaki wale tu ambao hakuna aliyepanda kuwatafuta kwa viatu visafi.

Pia aliwaza hila. Angeweza kuweka mkono kwanza, kisha akimbie chini na kusema, nimekuja kukuambia. Ingekuwa tayari. Milembe angewachukua watoto na kuondoka, nyumba peke yake ndiyo ingekwenda. Lakini Milembe angekwenda wapi? Bwaloni. Na haki ya kupinga angekuwa ameshapokonywa, tena na mtu aliyekula maharage yake.

Kabla, si baada.

Akauteremsha mkono.

"Nakwenda kwa Milembe mara moja."

"Kufanya nini?" Baba yake alifumbua macho yote mawili. "Nyamizi. Kufanya nini?"

"Nilimwahidi."

"Weka mkono ndipo uende!"

"Sivyo nilivyoahidi, baba."

Alimsikia akiita jina lake mpaka mlangoni, na ngazi tatu nne baada ya mlango, halafu upepo ukaichukua sauti.

*

Milembe alikuwa jikoni, anapepeta mchele. Jiko lake nalo liliegemea Nundu, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umelipaka jiwe rangi nyeusi inayong'aa.

"Njoo umwone mgeni wangu," alisema bila kusalimu. "Amechomoza jana. Limi anammwagilia, anasema atatoa maua."

Kwenye jiwe jeusi, usawa wa kifua, mzizi mweupe ulikuwa umetokeza. Haukuwa mmoja. Ilikuwa mitano au sita, minene kuliko ya upande wa juu, imekazwa kama kamba za mtu anayevuta ng'ombe. Chini yake Limi alikuwa ameweka kopo la maji. Nyamizi alisimama akiitazama. Basi hapa ndipo jiwe lingevutwa bega.

"Milembe, weka ungo chini."

Milembe akaweka.

"Leo ndiyo siku ya kuweka mkono."

Akamwambia. Alianza na mgeni na sinia, akaeleza kokoto ilivyogeuka na kiberiti kilivyobaki. Akamwambia kuhusu hoteli, na kuhusu haki ya kupinga, na kwa nini alikatazwa kusema. Akamwonyesha ile mizizi na kumwambia kazi yake. Alipofika kwa baba yake akalisema na hilo, kwamba baba anataka aweke mkono, na kwamba yeye mwenyewe mkono wake ulifika karibu kabisa.

Alikuwa bado anaongea mizizi ilipolegea. Wa kwanza uliteleza kwenye jiwe bila sauti. Mwingine ukafuata, na mwingine, ikaanguka sakafuni ikajikunja kwenye makapi ya mchele, tayari imeanza kugeuka kahawia.

Milembe aliitazama mpaka ikatulia.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne."

"Nilipopanda jana na maharage ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na tangu Jumanne umekuwa ukifikiria."

"Nimekuwa nikifikiria."

Milembe alivuta kigoda, akakaa, kisha akasimama tena kama kigoda kina moto. Alichukua fagio, akaikusanya ile mizizi, akaitupa nje mvuani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akarudi na fagio mkononi.

"Sikushukuru, wifi. Usisimame hapo kungoja nikushukuru. Labda siku nyingine."

"Sijaja kushukuriwa."

"Sasa jiwe likija linakwenda wapi?"

"Linakuja kwetu. Kisha hotelini."

"Watakasirika hao wa hoteli," Milembe alisema, na kicheko kikamponyoka, kifupi, kibaya, akakizuia kwa mkono. "Na mzee?"

"Yuko kitandani. Napanda kumwambia."

Akatoka. Mvua ilikuwa imeshika kasi. Katikati ya ngazi aliiona mashine ya miguu minne imesimama kwenye mkunjo wa njia, Evarist juu yake chini ya turubai. Hakuwa amefika, na sasa hakuwa na haja ya kufika. Alimwinamishia Nyamizi kichwa, kama mtu anayepisha jeneza lipite. Mashine ikageuka pale pale ilipo, ikaanza kuteremka, ikichagua kwa uangalifu mahali pa kukanyaga.

Ndani, lile duara lilikuwa limeangukia blanketi. Mzee Lugembe alikuwa amelitoa hapo kwa mkono wake mzima na kulitupa sakafuni. Hakumtazama mwanawe.

"Ulimwahidi lini?"

"Jana."

"Jana tu."

"Jana tu, baba."

Jiwe likasaga meno. Wote wawili walilisikiliza mpaka liliponyamaza. Mzee alilamba midomo yake, akameza mate, na aliposema, hasira ilikuwa imemwishia, imebaki sauti ya mtu mzima anayeomba.

"Basi nisogeze mbali nalo."

Nyamizi alishika miguu ya kitanda akakivuta. Kilikuwa kitanda kizito cha mninga, na sakafu ilikuwa ya mawe yasiyolingana. Kila hatua kilikwama, akakiinua, akakivuta tena. Alikiondoa kwenye jiwe, akakipitisha mbele ya kabati, akasogeza meza kwa nyonga, akavuta. Baba yake alijishikilia ukingoni kwa mkono mmoja, macho darini. Kitanda kikagota mlangoni, na hapo nyumba ikawa imekwisha, hapakuwa na pa kumsogeza tena.